Ndunguru Yupi?

Simama stendi ya Mbinga mjini useme unamtafuta Ndunguru. Hutajibiwa, utaulizwa: Ndunguru yupi? Ukiongeza jina la ubatizo bado hujasaidia sana, maana majina ya watakatifu yana mwisho na akina Ndunguru ni wengi. Ni hivyohivyo kwa akina Komba, Kapinga, Kinunda, Hyera, Nchimbi na Mapunda. Umatengoni jina la mwisho ni la ukoo, na ukoo ni mkubwa. Basi mazungumzo yanaanza kupanda mti. Wa Maguu au wa Langiro? Kama ni wa Maguu, kijiji gani? Kitongoji gani? Mtoto wa nani? Ukishafika hapo mtu anapatikana, na mara nyingi unapewa na mtoto wa kukusindikiza.

Swali hilohilo kompyuta nazo huulizana kila siku. Unapoandika jina lako na neno la siri kwenye kompyuta ya ofisi au kwenye mtandao wa chuo, mara nyingi kompyuta iliyo mbele yako haikujui kabisa. Inakwenda kuuliza kwingine: kuna mtu wa jina hili? Ni yupi? Ana ruhusa gani? Mashine inayojibu maswali hayo inaitwa seva ya saraka. Nataka kumzungumzia mtu mmoja aliyeandika seva ya namna hiyo, Alex Karasulu, na hasa alichofanya baada ya kuiandika. Namzungumzia kwa sababu kuna jambo la daftari huko kwetu ambalo nimelielewa vizuri kupitia kwake.

Kwanza tujue alilikuta nini. Mwaka 1988 mashirika ya kimataifa ya simu na ya viwango yalitoa kanuni zilizoitwa X.500. Ndoto yao ilikuwa kubwa: kitabu kimoja cha dunia nzima ambamo mtu yeyote angeweza kutafutwa. Walikipanga kama mti. Juu kabisa kuna dunia, chini yake nchi, chini ya nchi taasisi, chini ya taasisi idara, na mwisho mtu. Shida ni kwamba njia ya kukifikia kitabu hicho ilikuwa nzito mno kwa kompyuta za mezani za wakati ule. Ndipo Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na Wengyik Yeong na Steve Kille, wakaandika njia nyepesi zaidi. Maelezo yake yalitoka Julai 1993, na wataalamu wanaiita LDAP mpaka leo.

Ndani ya LDAP mtu hatambuliwi kwa jina lake tu. Anatambuliwa kwa jina pamoja na njia yote ya kupanda hadi kwenye shina: huyu, wa idara hii, wa taasisi hii, wa nchi hii. Na huandikwa kuanzia kwa mtu kwenda juu, sawasawa na sisi tunavyosema Ndunguru wa kitongoji fulani, kijiji fulani, kata ya Maguu, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Wawili wanaweza kuitwa jina moja bila tabu yoyote, ilimradi wasiwe kwenye tawi moja.

Kuna jambo la pili ambalo aliyekulia kijijini halihitaji kufafanuliwa. Seva moja haibebi dunia nzima. Ukiiuliza kitu ambacho hakiko kwenye tawi lake, haisemi tu “sijui”, inaweza kukuambia nenda kaulize kwa fulani. Huo ndio utaratibu wa balozi wa nyumba kumi. Mtendaji wa kijiji hana habari za kila mlango. Anajua balozi gani anajua.

Na la tatu: saraka ni kitabu cha kusomwa kuliko kuandikwa. Mtu anaandikwa mara moja, anaulizwa mara elfu. Kwa hiyo seva za saraka zilitengenezwa zijibu haraka, basi. Hapo ndipo Karasulu alipoona pengo.

Miaka ya mwanzo ya 2000, hifadhidata za kawaida, zile za benki na maduka, zilikuwa tayari na uwezo ambao saraka hazikuwa nao. Ungeweza kuiagiza hifadhidata kwamba jambo hili likibadilika, lile lifanyike lenyewe. Ungeweza kuhifadhi ndani yake kazi ndogondogo za kuitwa zinapohitajika. Saraka ilikuwa inajua kujibu, haijui kutenda. Mfanyakazi akihamishwa idara, jina lake linahamishwa kwenye tawi, lakini kila kinachofuata baada ya hapo lazima kiandikiwe programu nyingine pembeni.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka vitabu vya ubatizo. Wamisionari wa Kibenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na popote walipojenga kanisa waliweka kitabu. Mtu aliyebatizwa Litembo akifunga ndoa Mbamba Bay, sheria ya Kanisa inataka taarifa irudishwe Litembo, ndoa iandikwe pembeni mwa jina lake kwenye kitabu kilekile alichoandikiwa akiwa mchanga. Ndiyo maana ukitaka kufunga ndoa unaambiwa ulete cheti kipya cha ubatizo, si kile cha zamani kilichokunjwa kabatini: paroko anataka kuona pembeni pameandikwa nini. Kwa maneno mengine, tukio la ziwani linaamsha kalamu ya milimani. Karasulu alitaka saraka ya kompyuta iwe na tabia hiyo, bila ya kumtegemea mtu akumbuke kutuma barua.

Hakuwa wa kwanza kuwa na saraka huria. OpenLDAP ilikuwepo tangu 1998, Kurt Zeilenga akiwa ameianzisha kutokana na msimbo wa Michigan, na ilikuwa inatumika sehemu nyingi. Lakini Karasulu aliandika seva yake upya, yote kwa lugha ya Java, akaiita LDAPd. Kuandika seva nzima upya si mchezo. Unatakiwa ushughulikie mawasiliano ya mtandao, uhifadhi wa data kwenye diski, usalama, na kanuni ambazo hazikubali “karibu sawa”. Wengi wanaoanza kazi ya namna hiyo huishia njiani. Na wanaofika, wengi wanabaki na kitu kimoja cha hatari: programu nzuri inayoeleweka na mtu mmoja.

Hatari hiyo naijua, ila si kwa upande wa kompyuta.

Baba yangu mdogo alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko juu milimani. Jina la chama tuliache. Kazi yake ilikuwa kuandika kilo za kila mkulima siku ya kupima, malipo ya awali, mkopo wa mbolea na dawa, halafu malipo ya pili kahawa ikishauzwa mnadani. Wanachama wenye majina yanayofanana walikuwa wengi, na yeye alikuwa na dawa yake. Pembeni mwa kila jina lililojirudia alichora alama ndogo. Jembe. Mgomba. Kisima. Ndege. Mlima wenye vichwa viwili. Kila Ndunguru alikuwa na mchoro wake, na kila mchoro ulikuwa na mtu na namba ya uanachama. Kwa miaka yote ile sikuwahi kusikia kwamba kilo za mtu zimekwenda kwa mwingine.

Maana ya michoro haikuandikwa popote. Ya nini, na yeye yupo? Ukitaka kujua unamuuliza. Aliugua, akafariki mwaka 2017, daftari likabaki.

Baadaye orodha ilihamishiwa kwenye kompyuta. Aliyeinakili alinakili majina na namba, michoro akaiacha, kwani kibodi haina mgomba. Ndunguru wawili wenye jina moja la ubatizo wakawa mstari mmoja. Msimu mmoja malipo ya pili ya wote wawili yakaingia akaunti moja. Aliyepokea anasema ni kilo zake, kwani mwaka ule alivuna vizuri. Ambaye hakupokea ana risiti zilizofifia hadi hazisomeki. Zilikuwa pesa za bati za nyumba. Hawa ni watoto wa ndugu wawili, baba zao walinyonya ziwa moja. Sasa hivi kanisani mmoja anakaa upande huu na mwingine upande ule, na ukitokea msiba ukoo unagawanyika jikoni: wanaopika kwa huyu hawapiki kwa yule.

Kwa hiyo nikisoma habari za watu walioanzisha programu, sehemu ya msimbo hainishiki sana. Nataka kujua: alifanya nini ili isife naye?

Karasulu aliitoa. Mwaka 2003 LDAPd iliingia Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya faida iliyoundwa Marekani mwaka 1999 kusimamia programu huria. Apache hawapokei mradi na kuupa jina lao siku hiyohiyo. Unapita kwanza mahali wanapopaita kwa neno la mashine ya kuangulia mayai. Mkulima wa kahawa angepaita kitalu. Mche unakaa kivulini, unamwagiliwa, unaangaliwa kama una mizizi ya kutosha, ndipo unapelekwa shambani. Katika kitalu cha Apache mizizi ni watu. Wanakagua leseni na haki za kila aliyechangia, ndiyo, lakini swali zito ni hili: mwanzilishi akiondoka kesho, wamebaki wangapi wanaoweza kuendelea? Kama jibu ni hakuna, mradi haujaiva hata kama programu yake inafanya kazi vizuri.

Seva ya Karasulu ilitoka kitaluni mwaka 2005, ikawa mradi kamili wenye jina la Apache Directory. Mwaka 2006 ilipata cheti cha The Open Group kwamba inafuata LDAP toleo la tatu.

Watu walikuja, kila mmoja na mzigo wake. Trustin Lee wa Korea Kusini alikuja na ujuzi wa mawasiliano ya mtandao, na kazi iliyoanzia humo ikazaa mradi mwingine unaojitegemea, Apache MINA. Ersin Er wa Uturuki alishika ile ndoto ya mwanzo, saraka inayotenda mambo yenyewe. Mfaransa Emmanuel Lécharny aliingia kama mchangiaji, akaja kuwa mwenyekiti wa kamati ya mradi. Yaani kiti cha mbele kilikaliwa na mtu ambaye hakuwepo siku ya kwanza, na mradi haukuvunjika.

Sasa hapo kuna gharama ambayo watu hawaisemi. Kwa kanuni za Apache, mwenye haki ya kubadilisha msimbo akipinga badiliko kwa sababu ya kitaalamu, badiliko hilo linasimama. Haijalishi limeletwa na nani. Mwanzilishi anaweza kuzuiwa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Pia huwezi kuwachagulia watu watakipendea nini kitu chako. Kilichowavutia watengenezaji programu wengi kwenye seva ile kilikuwa wepesi wa kuipachika ndani ya programu nyingine ya Java, kwa mfano wakati wa kufanyia majaribio, zaidi ya ile hamu ya saraka inayotenda. Na nisiipambe kupita kiasi: maofisini Active Directory ya Microsoft imetawala, na OpenLDAP ina wenyewe wengi. Seva hii haikuiteka dunia. Ilipata kitu kingine, uwezo wa kuwepo bila ya kumtegemea aliyeiandika.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano unaokaribia sana, nao pia ulianza na swali la mtu yupi. Mwaka 2004 madaktari wawili Wamarekani wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikwenda Eldoret, Kenya, ambako huduma ya wagonjwa wa UKIMWI ilikuwa inakua kuliko mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo. Wangeweza kutengeneza kitu cha Eldoret tu. Wakaunda OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ukaanza kutumika palepale mwaka 2006, na mwaka huohuo ukafika Rwanda. Leo kati ya wanaouandika na kuurekebisha wamo Waganda na Wakenya. Ukiufungua unaona kwamba waliousanifu waliwahi kukaa kwenye foleni ya kliniki zetu. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa kuwa na majina zaidi ya moja na namba zaidi ya moja. Namba inaweza kuwekewa tarakimu ya ziada ya kujikagua, ili karani akikosea kuandika tarakimu moja mashine imwambie hapana, rudia. Huko kuwachanganya wagonjwa wawili si ugomvi wa bati. Ni dawa ya mtu kuingia kinywani mwa mwingine.

Na hilo la majina mengi tusilidharau. Maji yale tunayoyaita Ziwa Nyasa, ng’ambo wanayaita Ziwa Malawi, na nchi mbili hazijamaliza kubishana mpaka upite wapi. Saraka ya LDAP ina nafasi ya jambo hilo: ingizo ambalo kazi yake ni kusema tu kwamba jina hili na lile ni kitu kilekile. Kwetu mtu ana jina la ubatizo, ana jina la nyumbani, na mwanamke anaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza mpaka anazeeka. Orodha inayokubali jina moja tu itampoteza, hata iwe ya kisasa namna gani.

Kwa hiyo siwalaumu waliohamishia orodha ya kahawa kwenye kompyuta. Kompyuta ingeweza kuwatenganisha akina Ndunguru hata wangekuwa mia. Wala simlaumu baba mdogo, aliyewatenganisha kwa kalamu ya wino miaka yote ile. Kilichokosekana kilikuwa kati yao: mahali ambapo maana ya mgomba na kisima imeandikwa, wazi, kwa lugha ambayo mtu wa pili na wa tatu wanaweza kuisoma na kuisahihisha. Programu huria kwa wengi wetu ni programu ya bure. Mimi nimeanza kuiona kama daftari ambalo maelezo ya alama zake yameandikwa humohumo ndani, na zaidi ya mtu mmoja ana ufunguo.

Daftari la baba mdogo liko kwa mama mdogo, kwenye sanduku la bati. Kurasa 96. Nimezipiga picha zote, na nakala ziko sehemu tatu: kwangu, kwa katibu wa chama, na kwa mwalimu mmoja pale kijijini. Tumekubaliana kwamba yeyote kati yetu anaweza kusahihisha, ilimradi aandike sababu na aliyemwambia.

Anayeijua michoro amebaki mmoja, mzee aliyekuwa anasimamia mizani siku za kupima. Alishahamia ziwani, karibu na Liuli. Zamani kumfuata ilikuwa safari ya siku nzima, siku hizi lami inateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na kutoka hapo unatafuta bodaboda. Namkuta kwenye kivuli, wajukuu wakianika usipa. Namwamkia, ananiitikia, ananiambia, “Haya mjukuu wangu, lete tuone.” Namshikia simu, yeye anasoma, mimi naandika. Huyu mwenye jembe ni yule wa mteremko wa juu. Huyu mwenye ndege alikuwa na punda. Mara ya kwanza nilimpeleka moja kwa moja ukurasa wa 58, waliko wale wawili. Aliutazama sana, kisha akasema, “Hapana, turudi mwanzo. Mimi nawakumbuka walivyokuwa wanapanga foleni.”

Basi tunakwenda kwa foleni. Ana miaka themanini na zaidi, na macho yanachoka kabla ya saa sita. Tumefika ukurasa wa 41.